Sikio au Jicho: Flasha na Kamera ya Chini ya Maji kwa Mvuvi wa Barafuni

Anayewatazama kwa mara ya kwanza wavuvi wa majira ya baridi katika maziwa ya Minnesota, Ontario au Ufini hushangazwa na jambo moja kabla ya mengine yote. Watu wameinamia tundu dogo lililotobolewa kwenye barafu, mkono mmoja umeshika ufito mfupi wenye mshipi, lakini macho hayako kwenye tundu wala kwenye mshipi. Yako kwenye skrini. Mmoja anatazama duara linalomeremeta kwa mistari ya kijani na nyekundu, ilhali jirani yake anatazama picha ya kijivu ya samaki anayepunga mapezi mbele ya chambo. Kwa kuwa vifaa vyote viwili vinaahidi kumfunulia mvuvi kilichojificha chini ya barafu, wengi hudhani kwamba ni namna mbili za kitu kimoja, moja ya kizamani na nyingine ya kisasa, na kwamba anayeweza kumudu ya kisasa hana sababu ya kuhangaika na ile ya zamani. Dhana hiyo imewafanya watu kununua kifaa kizuri kwa kazi isiyo yake. Flasha ni sikio na kamera ni jicho, na hakuna anayeuliza kama sikio ni toleo la zamani la jicho.

Ni vyema kuyafafanua majina kwanza. Sonari ni kifaa chochote kinachotoa sauti majini kisha kikasikiliza mwangwi wake. Flasha ni aina mojawapo ya sonari: huonyesha mwangwi papo hapo unaporudi, kwa mistari ya mwanga kwenye duara, bila kuhifadhi kumbukumbu ya kilichopita sekunde chache nyuma. Kidude kinachoning'inizwa ndani ya tundu, ambacho ndicho mdomo na ndicho sikio la mashine, huitwa transdyusa. Kamera ya chini ya maji haihitaji maelezo mengi: ni lenzi iliyozibwa isiingie maji, yenye taa ndogo pembeni, inayoshushwa kwa waya mrefu na kupeleka picha kwenye skrini iliyo juu ya barafu. Tofauti kubwa, ambayo nusu ya makala haya inaizunguka, ni kwamba flasha hutumia sauti na kamera hutumia mwanga, na vitu hivyo viwili havisafiri sawa ndani ya maji.

Sauti huyapenda maji. Mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walipima kasi yake katika Ziwa Geneva kwa njia ambayo hata leo inapendeza kuisimulia. Kengele iligongwa chini ya maji wakati uleule baruti ilipowashwa juu ya mashua, na zaidi ya kilomita 13 kutoka hapo, kwenye mashua nyingine, msikilizaji aliyetumbukiza bomba refu majini alihesabu muda uliopita kati ya mmweko aliouona na mlio aliousikia. Walipata mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya nyuzi 8 za Selsiasi, jibu linalokaribiana sana na vipimo vya leo, na ambalo ni zaidi ya mara nne ya kasi ya sauti hewani. Katika maji baridi zaidi yaliyo chini ya barafu, kasi hiyo hushuka kidogo na kuwa karibu mita 1,400 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba sauti iliyotumwa kutoka kwenye tundu hadi chini, penye kina cha mita 10, huwa imekwisha kwenda na kurudi kabla ya sehemu 15 za elfu moja ya sekunde kutimia. Flasha huuliza na kujibiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, ndiyo maana mvuvi akiinua ufito wake kwa upana wa vidole vinne, mstari wa chambo kwenye duara huinuka naye bila kuchelewa kwa kiasi anachoweza kukitambua.

Kinachorudisha mwangwi kwa nguvu hasa ni mahali ambapo sauti inatoka kwenye kitu cha aina moja na kukutana na kitu cha aina nyingine kabisa. Nyama ya samaki inafanana sana na maji, kwa hiyo sauti hupenya humo bila shida. Lakini samaki wengi wana kifuko cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea, na sauti inapokigonga kifuko hicho hurudi kama mpira uliogonga ukuta. Kwa hiyo mstari anaouona mvuvi kwenye duara ni, kwa sehemu kubwa, mwangwi wa hewa iliyo ndani ya samaki. Sababu hiyohiyo inaeleza jambo ambalo wanaoanza huliona kama mazingaombwe: ukimwaga maji kidogo juu ya barafu safi isiyo na mapovu, kisha ukaiweka transdyusa ndani ya maji hayo, unaweza kusoma kina cha ziwa kabla ya kutoboa tundu lolote. Barafu yenyewe haizuii sauti. Kinachoizuia ni mapovu ya hewa, na barafu nyeupe iliyojaa mapovu hukunyima jibu.

Sasa tukae mbele ya duara lenyewe kwa muda, kwa sababu ni hapa watu hukata tamaa mapema. Chukua ziwa lenye kina cha mita 7. Sifuri iko juu ya duara, na kina kinaongezeka kufuata mwendo wa mishale ya saa. Penye 7 kuna mkanda mnene mwekundu: hapo ni chini ya ziwa. Penye 6.3 hivi kuna mstari mwembamba wa kijani: hicho ni chambo chako, na ukitaka kuhakikisha, kiinue, nao mstari utapanda. Kwa dakika kadhaa hakuna kingine. Kisha mkanda mwekundu wa chini unaonekana kama umevimba, na kutoka ubavuni mwake unachomoza uzi wa kijani uliofifia. Kuna kiumbe kimesogea. Uzi unageuka rangi ya machungwa, halafu mwekundu, na unaanza kupanda kuelekea kwenye chambo. Unakiinua chambo polepole, nao unafuata. Unasimama, nao unasimama. Mistari miwili inakaribiana hadi inakuwa mmoja, na wakati huo vidole viwe tayari, maana hutaona kingine zaidi ya hapo. Au uzi unafifia, unarudi chini na kupotelea ndani ya mkanda mwekundu, nawe umejibiwa kwamba mchezo ule haukumpendeza. Ndani ya nusu dakika umefanya mazungumzo na samaki ambaye hujamwona. Binafsi naamini kwamba anayeyaelewa mazungumzo haya amejifunza mengi zaidi kuhusu uvuvi kuliko anayetazama picha saa nzima.

Rangi zinahitaji tahadhari. Katika flasha nyingi kijani ni mwangwi dhaifu, rangi ya machungwa au ya njano ni wa kati, na nyekundu ni wenye nguvu. Wengi husoma rangi hizo kama kipimo cha ukubwa: mstari mwembamba wa kijani ni samaki mdogo, mkanda mwekundu ni samaki mkubwa. Si hivyo. Sauti hutoka kwenye transdyusa kwa umbo la koni, na nguvu yake ni kubwa katikati kuliko pembezoni, kama mwanga wa kurunzi unavyong'aa katikati na kufifia kandokando. Samaki mkubwa akipita ukingoni mwa koni hutoa mstari dhaifu, na samaki mdogo aliyesimama katikati hutoa mkanda mwekundu. Rangi inakueleza zaidi mahali alipo kuliko alivyo. Mvuvi mzoefu huitumia kujua kama samaki anakaribia au anaondoka, na suala la ukubwa hulisubiri hadi samaki afike tunduni.

Upana wa koni hiyo huamua mengi, nao huuzwa kwa namba za nyuzi ambazo muuzaji huzitaja haraka na kuendelea. Koni ya nyuzi 20, ikifika kina cha mita 9, inafunika duara lenye upana wa mita 3 na zaidi kidogo chini ya ziwa. Koni ya nyuzi 9 kwenye kina hichohicho inafunika kama mita 1 na nusu tu. Kubwa hukuonyesha samaki wengi zaidi, lakini huleta mkanganyiko penye mteremko, kwa sababu upande mmoja wa koni unagusa ardhi mapema kuliko upande mwingine. Mashine huhesabu mguso wa kwanza kuwa ndio chini ya ziwa, na samaki wote waliolala upande wenye kina zaidi wanamezwa na mkanda mwekundu. Hapo unaweza kukaa juu ya kundi zima la samaki huku duara likikuapia kwamba hakuna kitu. Pia samaki aliye ukingoni yuko mbali zaidi na transdyusa kuliko samaki wa kina hichohicho aliye katikati, kwa hiyo huandikwa chini kidogo ya mahali alipo kweli. Kwenye kina cha mita 7 na koni ya nyuzi 20, kosa hilo ni kama sentimita 10. Ni dogo, lakini linaeleza kwa nini samaki anayeonekana yuko chini ya chambo anaweza kuwa sambamba nacho.

Kuhusu kitufe cha kuongeza nguvu ya usikivu, ambacho wengi hukizungusha hadi mwisho kwa imani kwamba nguvu nyingi ni bora, kanuni ni fupi: anza chini kabisa, ongeza hadi mstari wa chambo chako uonekane mwembamba na thabiti, kisha uache. Ukizidisha, kila kijichafu majini kitawaka nyekundu. Na palipo na wavuvi wengi karibu, flasha zao huingiliana na kuchora mistari inayozunguka ovyo. Mashine nyingi zina kitufe cha kupunguza vurugu hiyo, na si dalili ya ubovu.

Huulizwa pia kama sauti hiyo huwafukuza samaki. Flasha nyingi hutoa mitetemo inayokaribia 200,000 kwa sekunde, na samaki wengi wa maji baridi husikia mitetemo isiyozidi elfu chache. Wapo wachache wenye masikio ya ajabu, kama shadi wa Marekani, jamaa wa dagaa wa baharini, ambaye imethibitika kwamba hutambua hadi 180,000 hivi, lakini si yeye anayetafutwa chini ya barafu. Kinachowatisha samaki hasa ni vishindo juu ya barafu: keekee ya kutobolea, ndoo inayoburutwa, na buti, hususani pale maji yanapokuwa ya kina kifupi.

Tuje kwenye jicho. Mwanga, tofauti na sauti, hauyapendi maji, na huyachukia zaidi maji yaliyo chini ya barafu. Barafu safi yenye weusi wa kioo hupitisha mwanga mwingi, lakini theluji ikilala juu yake giza huingia haraka. Kisha maji yenyewe humeza rangi moja baada ya nyingine, nyekundu ikitangulia, ndiyo maana chambo chekundu kilichong'aa mkononi huonekana cha kijivu kwenye skrini. Kilichobaki hutegemea uchafu ulioelea. Maji yenye tope la ufinyanzi, au yenye rangi ya chai kutokana na majani na mboji, yanaweza kupunguza upeo wa kamera hadi chini ya mita moja, na kamera ya gharama kubwa kabisa haiwezi kuona kupitia kisichopitisha mwanga.

Hapa ndipo taa za kamera zinapoleta imani potofu. Mtu hufikiri: kukiwa giza, nitawasha taa. Lakini taa iliyo kando ya lenzi huangaza kwanza vijichembe vilivyo mbele yake, navyo huurudisha mwanga moja kwa moja kwenye lenzi. Aliyewahi kuwasha taa kali za gari katikati ya ukungu mzito anajua matokeo yake: ukuta mweupe. Taa za infraredi, zinazosifiwa kwa sababu samaki wengi hawazioni, zina tatizo jingine, kwamba maji humeza mwanga wa aina hiyo upesi mno, na faida yake haivuki mita moja au mbili. Taa hizo ni za kuangalia chambo kilicho karibu, si za kupekua ziwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua kamera, pima ziwa lako. Mwaka 1865 padri mwanaastronomia Angelo Secchi alianza kupima uangavu wa bahari kwa kushusha sahani nyeupe na kuandika kina ilipopotea machoni, na mbinu hiyo bado inatumika duniani kote. Wewe unaweza kufunga kifuniko cheupe kwenye mshipi, ukatia chubwi, ukajifunika koti kichwani ili mwanga wa juu usikuingilie, kisha ukakishusha taratibu ndani ya tundu. Kikipotea kabla ya mita moja na nusu, fedha za kamera zifae jambo lingine. Kikionekana hadi mita 4 au 5, kamera itakufurahisha. Inafaa kuongeza kwamba majira ya baridi huyasaidia maji: upepo hauyakorogi na mimea midogo inayoyapa ukijani hupungua, hivyo ziwa lililoonekana chafu kiangazi linaweza kuwa safi likishafunikwa. Katika Maziwa Makuu ya Marekani Kaskazini, kome wageni wenye mistari ya punda milia waliogunduliwa katika Ziwa St. Clair mwaka 1988 wamechuja maji kiasi cha kuyafanya maangavu kuliko zamani katika sehemu nyingi. Ni balaa kwa ziwa, lakini ni raha kwa mwenye kamera. Kutokana na viumbe kama hao, waya wa kamera na wa transdyusa ukaushwe vizuri kabla ya kuhamishiwa ziwa lingine.

Maji yakiruhusu, kamera hukupa vitu ambavyo flasha haitakupa kamwe. Cha kwanza ni jina la samaki. Mstari mwekundu hausemi kama ni perchi, trauti, au samaki wa takataka asiyekula chambo cha aina yako, nawe unaweza kumbembeleza mchana kutwa. Cha pili ni sura ya ardhi. Flasha hukuonyesha kama chini ni pagumu au ni pa tope kwa unene na rangi ya mkanda, lakini mpaka hasa kati ya mchanga na magugu, au jiwe moja kubwa ambalo samaki wamelizunguka, huonwa kwa jicho. Ndani ya magugu flasha hukaribia kushindwa kabisa, kwa kuwa kila jani hurudisha mwangwi wake na samaki hupotea katikati ya mistari, wakati kamera huwaona wakiwa wamesimama kwenye vijia vya magugu hayo.

Cha tatu kinahitaji kutazamwa kwa karibu. Perchi wa majira ya baridi, damu yake ikiwa imepoa, mara nyingi haumi chambo kwa kukivuta. Husogea hadi ncha ya mdomo inakaribia kugusa, anasimama, anapanua mashavu, na chambo kinatoweka. Hakuna kilichotikisika juu. Mshipi haukukazika, kijiti cha kuonyesha dalili hakikuinama. Nusu sekunde baadaye anafumbua mdomo na kukitema, kisha anabaki palepale akikikodolea. Kwenye flasha mistari miwili iliungana na kubaki hivyo, na vidole havikupata habari. Mwenye kamera alimwona akimeza na akavuta ufito wakati mdomo ulipofumba. Anayekiona kitendo hicho mara kumi hujifunza kukitambua hata siku ambayo hana kamera, kwa ule uzito kidogo mno unaopungua au kuongezeka kwenye mshipi.

Kuna la nne ambalo halitajwi sana. Samaki akivutwa haraka kutoka kina kinachozidi mita 10 hivi, hewa iliyo ndani yake hutanuka, na akirudishwa majini huenda asipone. Mvuvi anayetaka samaki wakubwa tu, au anayebanwa na kanuni za ukubwa, akimwona mdogo kwenye skrini humwondolea chambo mapema.

Ila jicho lina upofu wake. Kamera huona upande mmoja. Samaki aliye nusu mita nyuma ya lenzi hayupo kabisa kwa mujibu wa skrini, na mvuvi hulazimika kuuzungusha waya kwa vidole vilivyoganda ili atazame huku na kule. Huona pia tabaka moja tu la kina, na samaki waliosimama mita 5 juu ya ardhi hupita bila habari zao kufika. Waya wake huweza kujisokota na mshipi wakati samaki anapigania uhai wake, na ndiyo maana wengi hutoboa tundu la pili. Kuna na udhaifu wa mtazamaji mwenyewe: picha ya samaki wanane wasiotaka kula hushikilia macho kwa namna ambayo duara tupu haishikilii. Mwenye flasha asipoona kitu kwa dakika kumi huhama. Mwenye kamera, mbele ya samaki wanane walionuna, hukaa hadi jua linazama.

Mkanganyiko mwingine umeingia tangu mwaka 2018, pale kampuni ya Garmin ilipoleta LiveScope, sonari inayotazama mbele na pembeni na kuchora samaki kama vivuli vinavyotembea. Kwa kuwa picha zake hufanana na video, watu huiita kamera. Haina lenzi wala haihitaji mwanga. Ni sikio lililofunzwa kuchora, linalofanya kazi kwenye tope na usiku kama flasha, na linalokosa, kama flasha, uwezo wa kukupa jina la samaki kwa uhakika. Kuwepo kwake hakujafanya flasha kuwa kitu cha makumbusho. Mtindo wa duara una umri mrefu, na kisanduku cha kijani cha kampuni ya Lowrance kilichouzwa kuanzia mwaka 1959 kilitumia kanuni hiyohiyo ya mwanga unaozunguka, lakini kinachodumu kwenye baridi kali huwa na sababu ya kudumu. Skrini za fuwele za kioevu (LCD), ambazo kamera nyingi huzitumia, huwa nzito na za uvivu joto likishuka mbali chini ya sifuri, ilhali taa ndogo za duara hazijali.

Katika kuchagua, basi, swali la kwanza si bei bali ni mwendo wako. Mvuvi anayetoboa matundu 20 au 30 asubuhi moja akitafuta walipo samaki anahitaji kifaa kinachojibu ndani ya sekunde tano: unatumbukiza transdyusa, unaona kina, unaona kama kuna uhai, unaondoka. Kushusha kamera, kuituliza, kuizungusha na kuipandisha na waya wake katika kila tundu ni kazi itakayomchosha kabla ya tundu la sita. Mvuvi anayekaa kibandani mahali pamoja, kwenye maji maangavu ya mita 3 au 4, pengine na watoto ambao watachoka na mistari ya rangi lakini hawatachoka kumtazama samaki halisi, atanufaika zaidi na kamera, na sioni sababu ya kumshawishi vinginevyo.

Swali la pili ni samaki anayemtafuta. Trauti wa ziwani huweza kusimama kina chochote kati ya barafu na ardhi, na hukimbilia chambo kutoka mbali, hivyo kumtafuta kwa kamera ni sawa na kutafuta ndege angani kupitia tundu la ufunguo. Walleye, ambaye macho yake yameumbwa kwa mwanga hafifu, hula zaidi machweo na usiku, saa ambazo kamera imekwisha kuwa kipofu. Kinyume chake, samaki wadogo wa kwenye magugu na paiki wanaovizia kandokando yake ni riziki ya kamera. Maji yaliyo karibu na ardhi huwa na joto la karibu nyuzi 4, kwa kuwa hapo ndipo maji huwa mazito zaidi na kuzama, na samaki wengi hukaa huko. Kwa hiyo ukichagua flasha, tafuta inayoweza kukuza mita mbili za mwisho juu ya ardhi, kwani bila hivyo samaki na ardhi vitakuwa mkanda mmoja.

Kwa anayenunua kifaa cha kwanza bila kujua ataishia kuvua wapi, nasema flasha, bila kusitasita. Hufanya kazi katika maji yote, saa zote na kina chote, na humlazimisha mtu kujifunza. Kamera iwe ya pili, au iwe ya kwanza kwa yule tu aliyeshusha kifuniko chake cheupe na kukiona kikizama mbali.

Chochote kitakachonunuliwa, betri ndiyo itakayokiangusha mapema. Betri za risasi na asidi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye baridi na ni nzito kubeba. Zile za lithiamu na fosfati ya chuma ni nyepesi na hudumu zaidi, ila zisichajiwe zikiwa na baridi ya chini ya sifuri. Ziletwe ndani, ziachwe zipate joto, ndipo zichomekwe.

Na wenye bahati ya kuwa na vyote viwili hukutana na kero moja siku ya kwanza: kamera ikishushwa kwenye tundu la flasha huchora mstari mnene mwekundu ambao haupandi wala haushuki, na anayeanza humbembeleza samaki huyo kwa robo saa. Toboa tundu la kamera nje ya koni. Kwenye kina cha mita 6 na koni ya nyuzi 20, upana wa koni chini ni mita 2 na ushei, kwa hiyo tundu lililo mita moja na nusu kutoka la mshipi litatosha, ikiwa maji ni maangavu kiasi cha lenzi kuona umbali huo. Yasipokuwa maangavu hivyo, isogeze kamera na uvumilie mstari wake, au ipandishe uiweke kando na ubaki na duara.